Mkanda wa Dakika Hamsini na Tatu

Tskaltubo, 8 Oktoba 2000

Mwanangu Inga,

Kabla ya yote, hali yako? Kikohozi ulichoondoka nacho Agosti kimekwisha, au bado unakificha kwa kufungua bomba la maji? Sisi tupo. Miguu yangu inalalamika, lakini hiyo ni tabia yake tangu tulipovuka milima kuikimbia vita ya Sukhumi, na huu mwaka wa saba nimezoea kuisikiliza bila kuijibu. Chumba chetu katika hoteli hii ya chemchemi waliyotupa sisi wakimbizi kimeanza tena kuvuja kwenye kona ya kabati. Nimeweka beseni.

Sababu ya barua ni mama yako. Tangu Septemba ameshikwa mara tatu na maumivu upande wa kulia, chini ya mbavu, yanayopanda mpaka begani. Mara ya tatu alikuwa anasonga ugali wa mahindi. Akauacha mwiko ndani ya sufuria, akaketi sakafuni. Nikampapasa. Sihitaji mashine ili niujue mfuko wa nyongo uliojaa mawe. Nimeitoa mifuko elfu moja na mia tatu kabla ya vita, na ile mia tatu ya mwisho niliitambua kwa vidole hata kabla mgonjwa hajamaliza kujieleza.

Ambrosi, yule rafiki yangu wa hospitali ya Kutaisi, niliyesoma naye, yuko tayari wiki yoyote. Atampasua chini ya mbavu kama tulivyofundishwa, na mimi nitasimama kando. Nakuandikia kwa sababu wewe pia ni mpasuaji, na kwa sababu mama yako amesema hapandi kitanda cha upasuaji kabla ya kusikia neno lako.

Barua hii anakuletea Gocha, dereva wa basi la Tbilisi. Jibu mpe yeye mkononi. Posta siiamini.

Baba yako


Tbilisi, 19 Oktoba 2000

Baba,

Shikamoo. Kikohozi kimekwisha kweli, na bomba halitoi maji hata la kufichia. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama hospitalini kwenye ngazi, nikairudia nyumbani.

Tafadhali usimpeleke kwa mzee Ambrosi. Si kwamba simheshimu. Mama ana uzito, na kifua chake unakijua. Ukimpasua chini ya mbavu hatavuta pumzi kwa sababu ya maumivu, mapafu yatajaa, na katika chumba kinachovuja mwezi wa kumi na mbili sijui utamtibu kwa kitu gani. Hapa kwetu Profesa Revaz amerudi na mashine kutoka Strasbourg, na tangu Machi tumetoa mifuko ya nyongo sitini na mmoja kwa matundu. Sitini na mmoja, baba, na hakuna aliyekufa.

Nikueleze. Tunalijaza tumbo hewa mpaka linainuka kama mkate uliochachuka. Tunatoboa matundu manne, moja kitovuni kwa kamera, matatu kwa vyombo virefu vyembamba. Hatutazami tumbo, tunatazama televisheni. Ini unaliona kubwa kuliko ulivyowahi kuliona maishani mwako, hata mishipa midogo kama nywele. Yote yanarekodiwa kwenye mkanda. Siku ya pili mgonjwa anavaa viatu mwenyewe, siku ya tatu yuko kwake.

Mwambie mama sitamwacha peke yake hata dakika moja.

Binti yako


Tskaltubo, 2 Novemba 2000

Mwanangu,

Nimefurahi kusikia u mzima. Hapa tumevuna matufaha ya mwituni nyuma ya jengo, na mama yako amenikataza kukuambia kwamba alishikwa tena Jumapili. Nimekuambia.

Barua yako nimeisoma kwa sauti, kwa kuwa yeye miwani yake imevunjika. Kosa langu lilikuwa kuacha mlango wazi. Jirani yetu Venera alikuwa ukumbini anaanika nguo, na sasa jengo zima linajua. Jana aliniuliza mbele ya watu, "Daktari, kumbe siku hizi mnapasua kwa kutazama televisheni? Na umeme ukikatika, mnamalizia sehemu inayofuata wiki ijayo?" Walicheka mpaka wazee wa ghorofa ya tatu wakatoka kuuliza. Nami nilicheka, lakini swali lake nalileta kwako bila kicheko.

Inga, nina hofu ya kidole. Ninapofika kwenye mirija ya nyongo, jicho langu linakisia na kidole ndicho kinachohakikisha. Nakipitisha nyuma, naubana ule mrija mfupi unaotoka kwenye mfuko, naufuata mpaka unapoingia kwenye mrija mkuu unaotoka ini. Ukiukata mfupi, umemponya mtu. Ukiukata mkuu, umemuua polepole. Ninyi mnajuaje upi ni upi, ikiwa kidole kimebaki nje?

Nilimwambia mama yako hayo hayo. Alikuwa anamenya viazi. Akasema, "Ermile, miaka arobaini nimekula ulichoona kinafaa na kulala ulipoona panafaa. Tumbo hili niachie mimi." Basi nimemwachia.

Sharti langu ni moja. Vyombo ashike Profesa Revaz, si wewe. Sisi hatuwapasui watu wetu. Bibi yako alipopasukiwa na kidole tumbo, nilimpa Ambrosi kisu nikatoka kuvuta sigara uwanjani, na sikuwahi kuona aibu. Mkono unaopenda hutetemeka, au mbaya zaidi, hujilazimisha usitetemeke.

Nasikia hospitalini kwenu jamaa wa mgonjwa ndio wanaoleta petroli ya jenereta. Gocha anakuja na dumu la lita ishirini. Amenusa mwenyewe, amesema si ya kuchanganya.

Baba yako


Tbilisi, 30 Novemba 2000

Baba mpenzi,

Shikamoo, na pole kwa kungoja. Mama anaondoka na Gocha asubuhi hii, ameketi kiti cha mbele na mto mgongoni, anamfundisha Gocha kuendesha gari.

Upasuaji ulikuwa Jumatatu. Mawe kumi na manne, moja kubwa kama kokwa ya plamu. Profesa alifanya vizuri, mimi nilishika kamera. Umeme ulikatika mara moja katikati, ukarudi kwa jenereta baada ya dakika chache. Mwambie Venera hatukungoja wiki ijayo. Mama hakutapika, hakuomba sindano ya pili. Jana alitembea ukumbini akawaonyesha wagonjwa wengine tumbo lake, mpaka nesi akamwambia, "Mama, hii si sinema." Akajibu, "Nyinyi ndio mliolipiga picha."

Supu nyepesi, asibebe ndoo. Nitakuja Krismasi.

Binti yako


Tskaltubo, 4 Desemba 2000

Mwanangu Inga,

Hongera, na kwa Profesa pia, mfikishie. Mama yako alishuka kwenye basi kwa miguu yake. Nimezikagua plasta nne na sijui nimwambie nini Ambrosi. Mtu aliyetolewa mfuko wa nyongo siku saba zilizopita, jana alikuwa dirishani anamwelekeza Venera namna ya kufunga kabichi. Nakiri nilikuwa mzee wa kuogopa vitu vipya. Ningekuwa na

6 Desemba

Niliacha barua hii juzi kwa kuwa aliniita. Alisema hasikii hamu ya kula na mwili unawasha. Nikamwambia ni safari. Leo asubuhi nimemleta dirishani kwenye mwanga, nikashusha kope la chini kwa kidole gumba. Macho ni ya manjano.

Nakuandikia nikiwa hospitali ya Kutaisi, kwenye benchi. Nimewapigia simu kwenu mara tatu kutoka posta. Mara mbili laini ilikufa, mara ya tatu mtu akasema uko chumba cha upasuaji, akakata. Mkojo kama chai. Homa thelathini na tisa. Ambrosi anamfungua kesho alfajiri, kwa njia yetu. Gocha anaondoka sasa hivi. Njoo.

Baba


Tskaltubo, 27 Desemba 2000

Inga,

Hujambo? Mama yako ana nafuu kidogo kuliko ulipomwacha. Anakunywa mtindi. Mrija wa kutolea nyongo ubavuni bado tunao, na namwaga chupa mara mbili kwa siku.

Ulikaa Kutaisi siku tatu. Ulimwosha, ulimlisha, ulilala sakafuni. Nashukuru. Lakini katika siku tatu hizo hukunitazama machoni hata mara moja, na nilipofungua kinywa ukumbini kukueleza tulichokikuta, ulisema, "Si sasa, baba," ukaenda kutafuta dripu ambayo tulikuwa nayo tayari. Basi nakueleza kwa barua, kwa kuwa barua haiwezi kuondoka chumbani.

Ambrosi alipasua, mimi nilishika vyuma vya kutanua kidonda. Ndiyo, nilivunja sharti langu mwenyewe. Mrija mfupi wa mfuko ulikuwepo mzima, ukining'inia bila kazi. Mrija mkuu ndio uliofungwa kwa vibanio vyenu viwili vidogo vya chuma, vimekaa vizuri sana, sambamba, na katikati yake umekatwa. Ini halikuwa na njia ya kutolea kitu. Tulileta kipande cha utumbo juu, tukakishona kwenye kishina kilichobaki chini ya ini. Kishina kifupi, chembamba, kimevimba. Ambrosi ana mkono mzuri lakini nilimsikia akihesabu nyuzi kwa kunong'ona, na yeye huwa hahesabu.

Ulisema mnarekodi. Nautaka mkanda. Sitaki kumshitaki Profesa Revaz. Nataka kuona mtu mwenye mashine kama hiyo na macho yote hayo aliukosaje.

Baba yako


Tbilisi, 10 Januari 2001

Baba,

Shikamoo. Natumaini mtindi bado unakaa tumboni na homa haijarudi.

Mkanda huu hapa, ndani ya sanduku la biskuti. Gocha usimwambie ni nini. Mikanda tunayo minane tu hospitali nzima, tunarekodi mgonjwa mpya juu ya mgonjwa wa zamani, na huu Profesa aliagiza utumike tena wiki hiyo hiyo. Niliuchukua kabatini nikaweka mwingine mahali pake. Wenzangu hawajui. Akijua atanifukuza.

Usimlaumu, baba. Kama kuna wa kulaumiwa ni mimi niliyewashawishi. Ukishautazama naomba uuchome.

Binti yako


Tskaltubo, 25 Januari 2001

Mwanangu Inga,

Naanza kwa habari za mama yako kwa sababu najua unairuka mistari kuzitafuta. Homa ilirudi mara moja, ya kutetemeka, ikaondoka baada ya siku mbili. Rangi yake ni kama nta. Anakula kidogo na kunifokea sana, na hilo la pili nalichukua kuwa dalili njema.

Mkanda niliutazama tarehe kumi na tisa, sikukuu ya Ubatizo, kwa kuwa siku hiyo walituachia umeme kuanzia asubuhi hadi saa saba mchana. Venera ana mashine ya video. Nilimwomba chumba. Akasema, "Chukua, daktari, ila kama ni filamu chafu nifunike picha ya Bikira." Akaenda kanisani. Nikafunga mlango.

Dakika hamsini na tatu. Nimeutazama mara tatu na nusu, mpaka umeme ukaondoka.

Kwanza nakiri kwamba ni kitu kizuri. Sikujua. Miaka thelathini na sita nimefanya kazi katika matumbo nikiyaona kupitia damu, taa mbovu na mkono wa msaidizi, na hapa tumbo la mke wangu liko mbele yangu safi, linang'aa, ini lake linapanda na kushuka kwa pumzi. Nililia kabla ya kosa lolote kutokea.

Hakuna uso kwenye mkanda, hakuna sauti, hakuna hata mikono. Kuna vyuma viwili tu vinavyoingia kutoka pembeni. Lakini mpasuaji wa mkono wa kulia huleta mkasi kutoka juu, chini ya kifua, na huyu mkasi wake ulikuja kutoka upande mwingine. Na kila kabla ya kukata, chuma kinazunguka robo, kinasimama, kana kwamba kinaomba ruhusa, kisha kinakata. Kuzunguka huko nilikufundisha mimi. Ulikuwa na miaka kumi na tisa, tulikaa mezani jikoni Sukhumi na ini la nguruwe kwenye sahani, na mama yako analalamika kuhusu mkasi wake. Shuleni walikufunga mkono wa kushoto ili uandike kwa kulia. Mimi ndiye niliyeufungua.

Huyo si Revaz. Ni wewe, tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho.

Dakika ya thelathini na moja picha inatikisika, inakuwa nyeusi. Umeme. Inaporudi, mkono wako wa kulia, ule usio wa kazi, umeishika shingo ya mfuko wa nyongo tena, lakini hauivuti nje, upande wa kulia, kama ulivyokuwa unaivuta mwanzo. Unaivuta juu, kuelekea kichwani. Ukiivuta nje, mrija mfupi na mrija mkuu inafanya kona, na hata mtoto ataona ni miwili. Ukiivuta juu inanyooka na kuwa mstari mmoja, na mkuu unajitokeza mbele ukijifanya mfupi. Hukuona vibaya, Inga. Uliona sawasawa kitu ulichokipanga vibaya mwenyewe. Kisha mkono wako wa kushoto ukafanya kazi nzuri ajabu, vibanio viwili sambamba, robo, kusimama, kukata. Sijawahi kuona kosa lililofanywa kwa usafi kiasi hicho.

Nilikuuliza kama kidole kimebaki nje mnajuaje. Sasa nikuambie kitu ambacho hata mama yako hajakisikia. Mwaka 1974 nilimpasua mwalimu wa shule mwenye miaka thelathini na nane, kwa njia yetu, tumbo wazi, kidole changu kiko ndani. Nilikuwa na haraka. Kulikuwa na karamu ya mkuu wa hospitali. Niliukata mrija mkuu. Nilijua papo hapo, kwa kidole kile kile. Niliufunga, nikashona, na kwenye faili nikaandika kwamba nilikuta saratani isiyoweza kutolewa. Alikufa baada ya wiki saba. Mumewe alinibusu mkono mazishini. Hakuna aliyeona ndani ya tumbo lile isipokuwa mimi, na msaidizi alikuwa anatazama saa.

Kwa hiyo mlichovumbua ninyi si matundu. Ni shahidi. Ningekuwa na mkanda mwaka ule, nisingeweza kuwa mtu niliyekuwa kwa miaka ishirini na sita.

Kwa nini ulinidanganya? Swali hilo tu.

Sikuuchoma.

Baba yako


Tbilisi, 11 Februari 2001

Baba,

Shikamoo. Sijui niulize nini kuhusu afya yako baada ya barua ile. Natumaini unalala.

Nilidanganya kwa sababu mama aliniapisha. Usiku aliofika aliniketisha kitandani kwangu, akaniambia, "Baba yako amesema afanye profesa. Mimi huyo profesa simjui. Wewe ulikaa humu miezi tisa, hakuna anayepajua kukuzidi." Nikakataa. Akasema, "Basi narudi na basi la kesho, niletee viatu." Nilimweleza sharti lako na sababu zake, yote. Akasema, "Ermile aliogopa kumpasua mama yake, akaiita hekima. Wewe usiogope." Nikaenda kwa Profesa. Akaniambia nimeshafanya ishirini peke yangu, tumbo ni tumbo, yeye atasimama nyuma yangu. Alisimama mpaka umeme ulipokatika. Akatoka kuwagombeza watu wa jenereta, na uliporudi sikumngoja. Nilitaka umalizike. Ulisema mkono hujilazimisha usitetemeke. Ni hivyo hivyo.

Jina lililoandikwa kwenye faili ni la Profesa. Alisema, "Tuache hivyo, itakusaidia."

Tangu Desemba sijapasua. Naingia, navaa glovu, narudi nje nasema naumwa. Mwenzangu mmoja wa hapa amekwenda Thesalonike kutunza wazee, analala na kula hapo hapo kwa mwajiri. Amesema kuna nafasi. Nafikiri nitakwenda.

Je, mama anajua kilichotokea? Umemwambia ni mkono wangu?

Inga wako


Tskaltubo, 3 Machi 2001

Mwanangu,

Silali vizuri, lakini si kwa sababu yako peke yako. Asante kwa kusema.

Mama yako hali si nzuri. Sifichi, wewe ni daktari. Pale tulipoushona utumbo panaziba. Homa inakuja kila baada ya siku nne au tano, anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta, kisha anakuwa mwepesi na mcheshi kwa siku mbili, kisha tena. Ini limekuwa gumu chini ya vidole vyangu. Ambrosi anasema kumfungua tena ni kumuua mezani. Nami naona hivyo.

Umeuliza kama anajua. Jana alikuwa katika siku zake nyepesi, nikamsuka nywele. Nilikuwa nimeazimia kuwa mkweli. Nikasema, "Maguli, kuna jambo kuhusu upasuaji ule." Hakuniacha nimalize. Akasema, "Najua. Profesa yule alikosea. Mlaani yeye ukipenda." Nikasema, "Profesa?" Akageuka, nywele zikanitoka mkononi, akanitazama kwa macho yale ya manjano. "Profesa, Ermile. Nilimwona mwenyewe amevaa barakoa, kabla sijalala. Mtoto alishika taa tu. Ole wako umwambie kitu kingine."

Akageuka tena, akasema, "Suka."

Nikasuka. Yeye anadhani ananificha mimi, nami namwacha adhani. Hivyo ndivyo tulivyo sasa, watu wawili katika chumba kimoja, kila mmoja akikulinda usijulikane na mwenzake.

Njoo kabla theluji haijafunga njia ya milimani ya Rikoti tena. Anataka umkate kucha. Mimi anasema namkata vibaya. Mambo ya Thesalonike yangoje.

Baba yako


Tskaltubo, 20 Juni 2001

Mwanangu Inga,

Nimepata anwani yako kwa mwenzako wa Tbilisi, baada ya kumwandikia mara mbili. Barua hii inakuja na basi la Thesalonike, pamoja na chupa ya pilipili ya kusaga aliyoitengeneza Venera. Natumaini una afya, na hao wazee unaowatunza wana adabu.

Sikulaumu kwamba ulifika siku moja baada ya mama yako kufa. Njia ilifungwa, nilijua. Sikulaumu pia kwamba ulizika ukaondoka siku ya tatu, wala kwamba hukuja kwenye chakula cha arobaini. Niliweka sahani yako. Venera aliuliza kwa sauti, kama kawaida yake, "Binti yuko wapi?" na kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akanyamaza mwenyewe.

Nimekuandikia barua tatu tangu Machi. Hukujibu, au hazikufika. Hii naiandika kama ya kwanza.

Hospitali ya Kutaisi wameletewa mashine kama yenu, msaada kutoka nje. Ambrosi ana vijana watano wa kuwafundisha na hakuna hata mmoja aliyewahi kuona. Alikuja hapa akakaa kwenye kiti cha mama yako, akavua kofia, akaniomba mkanda. Nilikataa. Wiki iliyofuata nikaupeleka mwenyewe, na nikakaa nao.

Niliwaonyesha mpaka picha inaporudi baada ya giza la dakika ya thelathini na moja, nikasimamisha. Nikawauliza, "Mrija mfupi ni upi?" Wote watano wakanyoosha kidole kwenye mrija mkuu. Wote, Inga. Kijana mmoja hata alicheka kwamba swali ni rahisi. Nikarudisha nyuma, nikawaonyesha shingo ya mfuko ilivyokuwa inavutwa kabla ya giza. Wakaona. Yule aliyecheka akaomba kutoka nje.

Msichana mmoja, wa Zugdidi, ndiye aliyeuliza. "Mwalimu, aliyefanya upasuaji huu ni nani?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilisema, "Hayupo tena." Wakadhani amekufa, wakainamisha vichwa, nami nikaacha wadhani hivyo. Nilitaka kukulinda. Nikiwa njiani kurudi nikajua nimekufanyia vile nilivyomfanyia mwalimu yule wa 1974, nimeandika kwenye faili kitu ambacho sicho.

Wameniomba nirudi Septemba, kwa kundi jingine. Sijui niwaambie nini. Wewe ndiye wa kuniambia.

Baba yako


Thesalonike, 15 Julai 2001

Baba,

Shikamoo. Pilipili imefika, imevuja nusu, sanduku zima linanukia kama nyumbani. Barua zako tatu nilizipata. Nilizifungua hii ilipokuja, zote kwa pamoja, nikaketi kwenye ngazi za nyuma.

Mimi ni mzima. Mzee ninayemtunza ni mjane wa nahodha, ananifokea kwa Kigiriki na mimi namjibu kwa Kimegreli chetu cha nyumbani, tunaelewana. Asubuhi namwosha, namvalisha soksi, namkata kucha. Mikono inafanya kazi hizo bila kuniuliza. Kama nitashika mkasi mwingine tena sijui, na naomba usiniulize mpaka niseme mwenyewe.

Mama nilimkosa kwa siku moja. Kucha zake nilizikata kabla hawajafunga jeneza, wanawake wakiwa wamekwenda kuchukua mishumaa. Sikukuambia.

Kuhusu Septemba. Usiwaambie hayupo. Wakikuuliza, waambie anaitwa Inga Shonia, binti wa Ermile na wa Maguli, alijifunza kazi Sukhumi na Tbilisi, anatumia mkono wa kushoto. Waambie tumbo lile ni la mama yake. Waambie baada ya giza hakungoja, na aliivuta shingo juu. Umtaje na Profesa kwamba alitoka nje, maana huo nao ni ukweli, lakini mtaje wa pili.

Yule msichana wa Zugdidi, kama ana swali, mpe anwani hii.

Binti yako,
Inga